Ufunguo Ulikuwa Mkononi

Masomo: Waamuzi 3:12–30, Matendo 19:13–16
Ujumbe wa Mchungaji Msaidizi, ibada ya pili, Amagoro

 

Jumapili iliyopita mliniona nikihubiri na ufunguo wa gari mkononi, na baada ya ibada vijana wa mitambo wakaniuliza kama niliusahau tu pale juu ya Biblia. Sikuusahau. Nimeombwa niuandike ujumbe ule kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo, na nimeuandika karibu vile nilivyousema, ila nimepunguza pale nilipozunguka sana. Dada ninayemtaja humu ameniruhusu nisimulie, mradi nisiseme jina. Wanaomjua wanamjua.

Tukihubiri Waamuzi sura ya tatu huwa tunamhubiri Ehudi. Tunampenda Ehudi. Mtu wa kabila la Benyamini, mtumiaji wa mkono wa kushoto, upanga wenye makali pande mbili umefichwa kwenye paja la kulia, mahali ambapo askari hawakuzoea kupekua. Israeli walikuwa wamemtumikia Egloni mfalme wa Moabu miaka 18, na Bwana akawainulia mtu mmoja. Vijana wetu wanaijua hadithi hii hadi mwisho, na nikifika pale kwenye tumbo la mfalme wanaanza kupiga vigelegele.

Lakini leo niruhusuni nikae na watu ambao hakuna anayewahubiri. Wale watumishi wa Egloni.

Ehudi amemaliza kazi yake, amefunga milango ya chumba cha juu, ameondoka zake. Watumishi wanakuja wanaikuta milango imefungwa. Wanaambiana, mfalme yuko chooni mle kwenye chumba cha ubaridi. Basi wanangoja. Wanaendelea kungoja. Andiko linasema walingoja hadi wakaona haya, na bado hakufungua. Ndipo wakachukua ufunguo wakafungua wenyewe, wakamkuta bwana wao yuko chini sakafuni, amekufa.

Sasa mimi niwaulize. Ule ufunguo waliutoa wapi? Andiko halisemi walimtuma mtu mjini. Halisemi waliita fundi. Waliuchukua tu. Wakati wote ule wamesimama pale nje wakitazamana, ufunguo walikuwa nao.

Gari langu mnalijua. Wengine wenu mmelisukuma, Mungu awabariki. Liliundwa Japani mwaka 2004. Mnajua nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo siku lilipoingia Kenya lilikuwa bado na heshima yake. Mimi ni mwenye gari wa tatu, na heshima hiyo wengine walishaitumia. Lilikuja kwangu na ufunguo mmoja, ule wenye vitufe viwili kichwani, cha kufunga na cha kufungua.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nabonyeza nikiwa mlangoni mwa kanisa, na gari linapepesa taa kule chini ya mwembe. Januari ikabidi nisogee hadi kwenye tangi la maji. Februari nikawa nabonyeza mara mbili, mara tatu. Machi mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni akaniambia, "Pasta, weka rimoti kwa kidevu halafu ubonyeze, mwili wako utasukuma mawimbi." Msicheke, inafanya kazi kweli, nimejaribu. Mwezi mzima nilikuwa naonekana Malaba mbele ya maduka nimeweka ufunguo kidevuni kama mtu anayewaza mambo makubwa ya taifa.

Dawa ya yote hayo ilikuwa betri moja ya duara, kama sarafu, imeandikwa CR2032. Dukani waliniambia shilingi 150.

Mimi nina digrii ya biashara. Nimefundishwa kwamba kifaa hutengenezwa kabla hakijaharibika, na nimeufanyia mtihani huo nikapita. Kanisa limenipa kusimamia hesabu za jenereta, na jenereta hiyo haijawahi kukosa oili tangu nianze. Halafu miezi minne nashindwa kununua betri ya shilingi 150. Pesa zilikuwapo. Tatizo ni kwamba bado ilikuwa inafungua. Hilo ndilo neno nililokuwa namwambia mke wangu kila akiniuliza: "Bado inafungua."

Sasa ikafika Aprili, usiku wa Alhamisi, mvua ile mnayoijua, stima zimepotea tangu saa mbili. Saa sita na dakika kumi simu ikalia. Ni yule dada. Mume wake yuko safarini, nyumba yao iko ndani, mbali na lami. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa na homa tangu jioni, na sasa ameanza degedege. Akasema, "Pasta, mtoto anarusha mikono na macho yamegeuka." Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, mfunike, nipe dakika kumi."

Nikatoka. Nikabonyeza. Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikazunguka gari nikajaribu upande ule mwingine. Nikaipangusa rimoti kwa shati. Nikaipumulia. Nikaiweka kidevuni, kisha utosini. Nikafungua kifuniko kwa kucha, gizani, kwenye mvua, nikatoa betri nikaisugua kwenye suruali nikairudisha. Niliomba pia, na hapa nataka niwe mkweli mbele zenu: nilinena kwa lugha nikiwa nimeshika rimoti, nikaikemea ile betri kwa jina la Yesu.

Mtaniuliza, Pasta, si ule ufunguo ulikuwa na chuma? Ulikuwa nacho. Chuma kile kile ninachowashia gari kila siku. Na mlango wa dereva una tundu la ufunguo. Gari hili rimoti ikifa bado linafunguka kwa chuma, walioliunda walilifikiria jambo hilo. Mbona sikuutumia?

Kwa sababu ukilifungua kwa chuma, alamu inalia. Gari linadhani wewe ni mwizi. Mwaka jana lilinifanyia hivyo kwenye mazishi, huko Angurai, katikati ya kusoma historia ya marehemu. Likalia mbele ya chifu, mbele ya jamaa, mbele ya Askofu. Nilikimbia na kanzu yangu ile ndefu kupitia katikati ya viti. Tangu siku ile nilijiapia kwamba tundu lile sitaligusa tena. Na usiku ule nilikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo: wiki mbili kabla, mwenye ploti alikuwa ameniita akaniambia kwa heshima kwamba wapangaji wanalalamikia makesha yetu ya nyumbani. Nikawaza, saa sita usiku, alamu ya gari la mchungaji, ploti nzima iamke, na aje na tochi kuniuliza kulikoni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Mtoto ana degedege, na mimi nawaza wapangaji watasema nini.

Dakika ishirini na tano. Najua hesabu hiyo kwa sababu simu imeiandika. Alinipigia saa sita na dakika kumi, akanipigia tena saa sita na thelathini na tano. Simu ya pili sikuipokea. Niliiona ikiwaka mkononi, jina lake likiwa pale, nikaiacha iite mpaka ikakatika. Ningemwambia nini? Kwamba niko nyumbani, nje ya mlango wa gari langu, na ufunguo ninao?

Simu ilipokatika ndipo nikaweka chuma kwenye tundu. Lilikuwa limejaa vumbi la miaka, kwa sababu tundu lisilotumika hushika kutu na mchanga. Mara ya kwanza likakataa, mara ya pili likakataa, ya tatu likazunguka. Alamu ikalia kama nilivyoogopa. Mbwa wakabweka, madirisha yakafunguka, mwenye ploti akatoka na tochi na nguo ya kulalia. Nikaingia, nikawasha. Alamu ikanyamaza papo hapo na injini ikaitika mara moja. Yote hayo hayakufika dakika moja. Na mwenye ploti, yule niliyemwogopa, alisema nini? Alisema, "Pasta, kuna mgonjwa? Twende pamoja?"

Nilipofika kwa yule dada nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akaniambia wameondoka kwa boda, yeye, mtoto na mama yake mzazi, watatu nyuma ya kijana mmoja wa pikipiki, kwenye matope yale, mvua ile. Nikageuza kwenda hospitali ya Kocholya. Nikawakuta. Mtoto ameshawekewa dripu, ni malaria, muuguzi ameshamtuliza. Leo anakimbia, Jumapili iliyopita alikuwa Shule ya Jumapili na ndiye aliyekuwa anapiga ngoma vibaya. Utukufu kwa Bwana. Na Mungu ambariki kijana yule wa boda ambaye hata si wa kanisa letu.

Yule dada alikuwa amelowa hadi mifupa. Nilianza kumweleza habari ya rimoti, na hakunikatiza. Nilipomaliza akasema tu, "Pasta, tulikuwa tunaangalia barabara tukitafuta taa zako."

Mama yake mzee alikuwa amekaa kwenye benchi. Akanishika mkono akasema, "Eyalama noi," kwa sababu nimekuja. Shukrani ile ilinichoma kuliko neno la binti yake.

Basi nikarudi kwa watumishi wa Egloni. Niliisoma sura ile saa kumi za usiku, sikuweza kulala. Sijui nilikuwa nimeisoma mara ngapi, na sikuwahi kusimama pale kwenye neno haya. Sisi tunadhani mtu hafungui kwa sababu hana uwezo. Hana ufunguo, hana pesa, hana upako, hajafunga siku za kutosha. Wale watu hawakukosa kitu. Walikuwa na ufunguo, walikuwa na mikono, na walikuwa na wasiwasi pia. Moyo ulishawaambia kwamba kuna jambo si sawa mle ndani. Kilichowaweka nje ni kuwaza, je, tukifungua tukamkuta mfalme amejisitiri? Tutaonekanaje? Heshima yetu itakuwa wapi? Wakawa wanailinda heshima ya maiti.

Na muda ule waliopoteza haukuwa bure. Andiko liko wazi: walipokuwa wakikawia, Ehudi akaponyoka. Akafika Seira, akapiga tarumbeta katika milima ya Efraimu, watu wakashuka pamoja naye, wakavishika vivuko vya Yordani, asivuke mtu hata mmoja. Watu wa Moabu kama 10,000 walianguka. Sisi wa huku tunajua maana ya kivuko kushikwa. Mwaka 2020 tuliona trela zimesimama hapa mlangoni petu kutoka Malaba kurudi nyuma kilomita na kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona, wanapika kando ya barabara. Kivuko kikifungwa, kila kitu nyuma yake kinaumia.

Najua kuna mtu atasema, lakini Pasta, kuchelewa kwao ndiko kulikowaokoa Israeli. Ni kweli, na Mungu ni mwenye hekima, anaweza kuitumia hata aibu ya watu wa Moabu. Lakini mimi usiku ule sikuwa upande wa Ehudi. Kwa yule mtoto, mimi nilikuwa mmoja wa wale waliosimama nje.

Jumamosi nikaenda kwa fundi wa funguo, Malaba. Ni kijana mdogo, ana meza, kompyuta na mwavuli, lakini anaijua kazi yake. Nikamwambia nataka betri, na pia anieleze ufunguo wa akiba nilionao, kwa maana huko nyuma niliwahi kumchongea mama watoto ufunguo wa bei rahisi kwingine, nikampa kama zawadi. Ulifungua mlango vizuri kabisa. Ukaingia kwenye swichi, ukazunguka, gari likapiga stata, likapiga, likapiga, halikuwaka. Taa nyekundu ndogo ya dashibodi ikawa inapepesa. Mke wangu akanirudishia zawadi yangu.

Fundi akacheka. Akasema, "Mtumishi, huu ni chuma tu. Hauna chipu."

Akanieleza. Wapendwa, nilikuwa sijui, na huenda wengine hamjui. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna vitu viwili, na watu hudhani ni kimoja. Kuna rimoti, hiyo inatumia betri, kazi yake ni milango. Inatuma namba hewani, na namba hiyo hubadilika kila ukibonyeza. Gari nalo linahesabu pamoja nayo. Ndiyo maana watoto wakichezea ufunguo sebuleni, wakibonyeza mara nyingi mno gari likiwa mbali, hesabu zinaweza kuachana na gari lisiisikie tena hata ukiweka betri mpya, mpaka zipatanishwe. Nikakumbuka kabinti kangu na ule ufunguo. Haya.

Kisha kuna chipu, ndogo, wakati mwingine kama punje ya mchele. Hiyo ndiyo inayoruhusu injini. Magari mapya ya Ulaya yalilazimishwa kuwa na mfumo huo mwaka 1998 kwa sababu ya wizi, na mengi ya Japani yanao pia. Ukiweka ufunguo kwenye swichi, gari linaiuliza ile chipu, wewe ni nani? Chipu ikijibu namba inayojulikana, injini inawaka. Isipojibu, unaweza kuzungusha chuma mpaka jioni.

Nikamuuliza, na chipu inatumia betri ile ile? Akasema hapana. Chipu haina betri. Kuna waya umezungushwa pale kwenye swichi, na ule waya ndio unaoipa nguvu chipu ikisogezwa karibu. Gari ndilo linaloipa nguvu ya kujibu. Ukiiweka mbali, imekufa. Ukiileta karibu, inasema. Ndiyo maana usiku ule rimoti ilikuwa maiti na injini bado iliwaka.

Halafu akaniuliza, "Na ulifungua hiki kichwa usiku kwa mvua? Mtumishi, chipu ingeanguka kwa matope, ungelala hapo."

Nilirudi Amagoro kimya. Nikafungua Matendo 19. Wana saba wa Skewa, kuhani mkuu wa Kiyahudi. Walimwona Paulo anafukuza pepo kwa jina la Yesu, wakachonga ufunguo wao. Maneno sawa, sauti sawa, jina sawa kabisa. Wakamwendea mtu mwenye pepo wakazungusha. Na pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo ana habari zake, ila wao ni nani? Mtu yule akawarukia wote, wakatoka mle nyumbani uchi na majeraha. Meno ya ule ufunguo yalikuwa sahihi, wapendwa. Kilichokosekana ni kutambulika.

Na hapa sisi Wapentekoste tusikimbie kuwanyoshea wengine vidole. Mimi nimewahi kushika maikrofoni hapa mimbarini nikapiga stata saa nzima. Mnakumbuka ile kesha ya Februari? Nilikuwa sijaomba wiki nzima, nilikuwa na hesabu za kufunga mwaka, nikaja na jasho na kelele, mkaniitikia Amina, na nikaenda nyumbani nikijua haikuwaka. Nilijua, na nyinyi wengine mlijua. Yesu alipozungumza habari ya mzabibu na matawi, katika Yohana 15, hakuliambia tawi lijikaze zaidi. Tawi liko karibu au liko mbali. Sasa mimi nimejipangia saa kumi na moja asubuhi, simu nimeiacha jikoni. Bado nina siku nne za kushindwa katika kila kumi, nawaambia ukweli.

Nilipofika hapa Jumapili muda ulikuwa umekwisha na Mama Askofu alishaanza kutazama saa, kwa hiyo jambo linalofuata sikulisema vizuri.

Kuna ndugu wa kanisa letu, dereva wa trela, anapeleka mizigo Kampala na Juba. Alikosekana ibadani Jumapili tatu. Kila mmoja wetu alisema, atakuwa safarini. Mimi nilisema hivyo mara mbili kwenye kikao cha wazee, na tukaandika "safarini" kwenye daftari. Hakuwa safarini. Alikuwa nyumbani kwake, kilomita mbili kutoka hapa, amefukuzwa kazi, amejifungia ndani na hali. Aliyegundua ni mtoto aliyetumwa kumdai deni la dukani. Bwana ni mwema, tulifika akiwa hai, na sasa tunatembea naye, na hayo mengine ni yake kuyasema siku akitaka. Lakini mnaona tulichofanya? Tuliuona mlango umefungwa tukasema, bwana wetu yuko kwenye chumba cha ubaridi. Namba yake ya simu tulikuwa nayo sote. Iko kwenye simu yangu chini ya jina la kikundi cha wanaume. Niliogopa kwamba nikipiga ataona namfuatafuata, ataona ni habari ya ahadi yake ya mabati.

Jumapili sikuwaambia mgeuke mumwambie jirani neno lolote. Niliwaambia mtoe simu, mtafute jina la mtu mmoja aliyekosekana, mpige pale pale. Najua wengine hamkupenda, ibada ilipata kelele, na mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba nyumba ya Bwana si stendi ya matatu. Nimelipokea. Lakini nilihesabu kwa macho, karibu nusu ya kanisa walikuwa na simu sikioni, na kuna mama mmoja pale safu ya tatu alikuwa anaongea na mtu huku analia. Nami nilipiga yangu.

Tundu la mlango nimelitengeneza. Fundi alinikataza nisitie oili, akasema oili itakusanya vumbi zaidi. Akakwangua risasi ya penseli, unga wake akaupuliza ndani, akaniambia niufungue mlango kwa chuma angalau mara moja kila wiki ili usisahau. Kwa hiyo wapangaji wa ploti yetu sasa wanasikia alamu kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Mwenye ploti anaiita kengele ya Pasta.

Jumatatu jioni nilikwenda kwa yule dada. Nilikuwa nimeshaomba radhi mara moja pale hospitalini, lakini ile ilikuwa radhi ya rimoti. Sikuwa nimemwambia habari ya simu ya pili. Nikamwambia. Nikasema, nilikuwa nimesimama pale, niliiona ikiita, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nikaona aibu, nikaiacha. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa kwa muda mrefu, na mimi sikuongeza neno. Mtoto akaja akapanda magotini kwangu, akaanza kunipekua mfukoni.

Baadaye akasema, "Simu hiyo nilijua uliiona."

Nikanyamaza.

Mtoto akawa ameutoa ule ufunguo, anabonyeza. Kule nje gari likapepesa taa. Yule dada akatazama mlangoni, akamtazama mwanawe, akaniuliza, "Betri umeweka?"

Nikamwambia nimeweka, na nyingine iko nyumbani kwenye kabati.

"Basi mnyang'anye huyo ufunguo, asije akaiharibu tena," akasema, akanisogezea kiti karibu na chakula.